Kuku wa Kuchemsha Bila Chumvi

Monterrey, 14 Januari 1996

Dada Hermelinda,

Shikamoo. Barua hii ikukute umemaliza kazi za soko na umekaa, ingawa nakujua, hukai. Sisi huku mwaka tumeuanza salama. Baridi ya safari hii haina adabu. Asubuhi mlima wote umejifunika ukungu na maji ya bomba yanauma meno. Binti yangu Nélida amepandishwa cheo kwenye duka la dawa. Ana funguo zake mwenyewe sasa, na akitembea anazigonganisha makusudi ili majirani wasikie. Mimi bado naendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kule bohari, na msimamizi wetu Baudelio bado ananiita kwa jina la jimbo letu, "Mwoaxaca", kama vile mama hakunipa jina.

Mzigo wako wa Krismasi ulifika kwa basi la Jumatano. Mchuzi mzito wa mole nyeusi, tortilla kubwa za mahindi zilizokaushwa kama chapati kavu, jibini la nyuzi, chokoleti, mkate wa mayai. Ahsante sana. Lakini dada, naomba usitume tena kwa sasa. Basi linachelewa, vitu vinaharibika njiani, na wewe unajichosha bure. Hata huku chakula kipo.

Mdogo wako,
Abundio


Tlacolula, 2 Februari 1996

Mdogo wangu Abundio,

Marahaba. Mwambie Nélida nampongeza kwa hizo funguo, ila mwanamke mwenye funguo asisahau kuolewa. Huku tuko wazima. Mwalimu Zoila, jirani yangu, amestaafu, na kwa kuwa hana tena wanafunzi wa kuwafokea ananifokea mimi. Jana kaja jikoni akahesabu vijiko vya sukari ninavyotia kwenye kahawa. "Vinne, Hermelinda! Hiyo kahawa au jamu?" Nikamwambia akahesabu maua yake.

Leo ni sikukuu ya Candelaria. Nimefunga tamali za unga wa mahindi mia mbili na arobaini tangu juzi, vidole vyangu vinanuka maganda ya mahindi.

Sasa tuje kwenye barua yako. Vitu vinaharibika njiani? Mole? Abundio, mole ya nyumba hii ikikaa mwezi ndiyo kwanza inakomaa, na wewe unajua, kwa sababu ulikuwa unaiba kwenye chungu kabla hujaota ndevu. Nimekaanga pilipili zile mpaka nikakohoa siku mbili. Kama umeanza kuonea haya chakula cha kwenu, sema. Miaka ishirini na miwili unakula tortilla za ngano nyembamba kama karatasi, pengine ulimi wako umeshahamia huko pia.

Sitatuma tena. Hata ukiniomba.

Dada yako,
Hermelinda


Monterrey, 20 Aprili 1996

Dada,

Shikamoo. Pasaka imepita nami sikukuandikia. Nisamehe. Nilikuwa naanza barua, naichana.

Sionei haya chakula chetu. Naumwa. Novemba nilianza kunywa maji kama ng'ombe na kwenda msalani kila saa. Nélida akanivuta kwa mkono mpaka kwa daktari. Sukari ilikuwa mia mbili themanini na sita, wakati inatakiwa isifike hata mia na thelathini kabla ya kula. Sikutaka ujue, kwa sababu wewe umeshamuuguza mama kwa ugonjwa huuhuu na najua ulivyochoka.

Daktari alinipa vidonge na kusema nipunguze. Nipunguze nini hakufafanua, foleni ilikuwa ndefu. Basi kazini mtu mmoja akanipa gazeti lenye orodha ya vyakula vya mgonjwa wa sukari. Tortilla hapana, maharage hapana, mahindi hapana, mole usiitaje. Kwa hiyo nakula kuku wa kuchemsha bila chumvi na majani ya saladi, mchana na jioni. Jumamosi wenzangu wakichoma mbuzi nje ya bohari mimi nakaa upande wa pili na bakuli langu. Baudelio anapiga kelele, "Sungura! Njoo tukupe karoti!" Wote wanacheka. Na mimi nacheka, nifanyeje.

Chakula ulichotuma Krismasi niliwagawia majirani. Nilitaka uusikie ukweli huo kutoka kwangu.

Abundio

Shangazi, mimi Nélida naongeza hapa bila ruhusa yake. Amepungua kilo kumi na moja. Haongei tena mezani. Jana nilimkuta amesimama jikoni ananusa gunia tupu la pilipili ulizotuma mwaka juzi. Tafadhali mwandikie kitu.


Tlacolula, 5 Mei 1996

Abundio,

Nimepata barua, nimeisoma mara mbili. Meza vidonge vyako kwa wakati. Mvua ya kwanza imenyesha jana.

Leo sina zaidi.

Hermelinda


Monterrey, 1 Juni 1996

Dada,

Shikamoo. Mistari mitatu! Nimeigeuza karatasi nikatazama nyuma kama kuna kingine. Hukuwahi kuniandikia hivyo hata mwaka ule tulipogombania shamba.

Pengine umekasirika kwa ile mole niliyogawa. Sawa, kasirika, lakini nisikilize kwanza. Wiki mbili zilizopita Baudelio alimwoza bintiye na bohari nzima ikaalikwa. Nilikwenda na nia njema kabisa. Nikakaa. Mama mmoja akapita na sinia la wali, nyama ya nguruwe na tortilla za moto, za mahindi, dada, zimepikwa na mtu anayejua. Nikasema nitakula moja. Unajua mbwa aliyefungwa miezi mitano akifunguliwa? Sahani nne. Keki. Soda sikuzihesabu. Na vidonge nilikuwa nimeviacha nyumbani, nikijidanganya kwamba siku moja haina neno.

Nilizindukia hospitali siku ya pili na sindano mkononi. Nélida alikuwa kando ya kitanda. Nilipofumbua macho akaniambia, "Baba, chagua. Ama uache kula hovyo, ama uache kujitesa. Vyote viwili siwezi kukuuguza."

Hapo ndipo nikakukumbuka wewe. Ulimtunza mama miaka miwili. Uliponipigia simu kwa jirani siku ile alipofariki, ulisema, "Amekufa ameshiba." Neno hilo limenifariji miaka tisa. Basi niambie, dada, ulikuwa unampa nini? Alikula vipi akashiba na ugonjwa huu? Niandikie nami nitafuata kama sala.

Mdogo wako,
Abundio


Tlacolula, 3 Julai 1996

Mdogo wangu,

Leo siulizi habari za hali ya hewa. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu kama Mei.

Mama hakufa ameshiba. Nilikudanganya.

Nilimpa kuku wa kuchemsha bila chumvi. Ulipoandika maneno hayo nilikaa chini. Kidole cha kwanza cha mguu wake kilipoanza kuoza, niliogopa, nikamwekea maboga ya kuchemsha na kuku huyo kila siku kwa mwaka na nusu. Mole nilikuwa napika kwa ajili ya soko, nyumba nzima inanukia, naye amelala chumba cha pili. Siku ya sikukuu ya mtakatifu wetu aliniita. Alikuwa ameshakonda, sauti kama ya kifaranga.

"Hermelinda, mwanangu. Niletee mole kidogo."

"Hapana, mama."

"Kijiko tu. Kwenye ncha ya kijiko."

"Mama, unataka kufa?"

Akanitazama, akasema, "Kwani hivi ninafanya nini?" Akageukia ukutani. Hakuniomba tena kitu chochote, hata maji. Siku ya tatu alifariki. Nikaenda kwa jirani kukupigia simu, na mdomo wangu ukasema ameshiba, kwa sababu ningesema nini?

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo Mei na sikuweza kuyaandika.

Sasa sikiliza yanayokuhusu. Nilipopata barua yako ya harusi sikusubiri. Nilivaa shali nikaenda zahanati. Kuna binti wa lishe pale, anaitwa Yadira, wa kabila la Wamixe kutoka milimani, mfupi, anaongea haraka. Nikamwekea mezani barua yako yenye ile orodha ya gazeti. Aliisoma akacheka mpaka akafuta macho.

"Mama, nani kaandika hii? Maharage hapana? Bibi yangu ana miaka tisini, anakula maharage kila siku aliyopewa na Mungu."

"Basi mgonjwa ale nini?"

"Chakula chenu hichohicho. Ila sahani ipangwe upya."

Akachora duara. Nusu ya sahani mboga: majani mapana ya mpungate wa miiba yaliyochomwa, mchicha wa shambani, maboga machanga, nyanya za kijani, pilipili kadiri unavyopenda. Robo ni maharage ya chunguni, yasiyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe, au nyama, au samaki, au kuku, na chumvi kidogo tia, wewe si malaika. Robo ya mwisho ni mahindi: tortilla mbili. Si nane. Mbili, utafune polepole. Maji ya maua ya rosela bila sukari badala ya soda. Soda ndiyo adui, Abundio, na mkate mtamu wa jioni, na kurundika. Mahindi hayajawahi kumuua mtu wa kwetu kwa tortilla mbili. Ukimaliza, tembea nusu saa, usilale. Na vidonge hata siku ya harusi.

"Na mole?" nikamuuliza. Niliuliza nikitazama sakafu, akadhani naogopa sindano.

"Mole siku ya sherehe. Vijiko viwili vitatu juu ya kuku, mkate na sukari ndani yake upunguze, ufuta na pilipili uache vilevile. Mtu akila kidogo anachokipenda, hatavunja mlango kukitafuta."

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi muda mrefu. Vijiko viwili vitatu.

Nimekutumia kwa basi majani ya mpungate yaliyotolewa miiba, maharage meusi, na mbegu za mchicha. Najua nilisema sitatuma.

Dada yako,
Hermelinda

Yule binti alitaka kunipima na mimi, nikamwambia nimeacha chungu jikoni.


Monterrey, 11 Agosti 1996

Dada yangu,

Shikamoo mara mia. Kuhusu mama sina la kukuhukumu. Nimesoma barua ile nikiwa nimeketi juu ya mashine yangu, wakati wa mapumziko, na Baudelio alipokuja kunitania aliona uso wangu akageuza njia. Nitakujibu kuhusu mama, lakini siyo leo. Bado nalitafuta neno lake.

Mpungate ulifika ukiwa bado na maji yake. Nimeuchoma juu ya kikaango pamoja na kitunguu, nikakamulia ndimu, nikaweka maharage na tortilla mbili. Nélida alikula nami. Nilipotafuna tortilla ya kwanza, dada, nililia kama mjinga, na binti yangu akajifanya anatafuta chumvi kabatini.

Sasa nabeba chakula changu kazini. Wiki ya kwanza Baudelio akaja na maneno yake.

"Sungura sasa anakula miiba!"

"Onja kwanza, halafu utukane."

Akaonja. Akaonja tena. Wiki iliyopita kaniuliza kwa sauti ya chini, nyuma ya makasha, kama mtu anayenunua magendo, "Ule mpungate unaupata wapi? Mke wangu naye wamempima." Jumamosi nakula mbuzi wao vipande viwili, na wao wanakula mchicha wangu. Hakuna anayecheka sana.

Jana sukari yangu ilikuwa mia na ishirini na moja. Daktari aliangalia karatasi, akaniangalia, akauliza ninafanya nini. Nikamwambia nimerudi kula kwetu.

Sasa, kile chungu ulichokiacha jikoni kimeshaiva? Ulirudi kupima?

Mdogo wako,
Abundio


Tlacolula, 29 Septemba 1996

Mdogo wangu Abundio,

Usishtuke kuona mwandiko mzuri. Anaandika Mwalimu Zoila, mimi nasema. Macho yangu yamechoka kidogo na moshi. Mahindi mwaka huu ni mazuri. Mbuzi wa Zoila amekula maua ya kanisa na padri amesema maneno ambayo hayamo kwenye misale. Nimefurahi mno kuhusu namba yako. Nimeenda kanisani kushukuru kwa ajili yake.

Umeniuliza kama nimepima. Kuna kazi nyingi sana msimu huu, na

Zoila ameweka kalamu chini, akaishika tena. Anasema haandiki uongo, alishawapiga watoto viboko kwa ajili hiyo miaka thelathini. Anasema ama niseme au niandike mwenyewe, na anajua sioni mstari.

Basi andika, Zoila.

Nilipima Julai, wiki moja baada ya barua ile. Mia tatu na kumi na mbili. Yadira alisema ni ya muda mrefu, imeshagusa macho. Amenipa dawa, nameza. Amenichorea duara langu, ninalo. Lakini silifuati, Abundio. Nakula kuku wa kuchemsha bila chumvi na maboga. Nawapikia watu vizuri, nakwambia wewe ule vizuri, kisha jioni najipikia kile nilichompa mama. Nimeona ni haki. Kila nikitaka kutia chumvi namwona amegeukia ukutani.

Nimepungua. Nguo zinanizidi. Zoila analia hapa na anachafua karatasi, kwa hiyo naishia.

Dada yako,
Hermelinda


Monterrey, 8 Oktoba 1996

Dada,

Shikamoo. Barua hii ni fupi kwa sababu natakiwa kuwahi kukata tiketi.

Nilikuahidi neno kuhusu mama. Ni hili. Miaka ile miwili nilipata likizo mara nne, na mara zote nne nilikwambia kazini wamenikatalia. Hawakunikatalia. Niliogopa kuuona ule mguu. Uliponiambia amekufa ameshiba nilijua haiwezekani, nikaamua kuamini kwa sababu ilinifaa. Wewe ulimnyima kijiko. Mimi nilimnyima uso wangu. Ulikosea ukiwa umeshika mkono wake, peke yako, hakuna wa kukuchorea duara. Kama kuna adhabu, siyo yako ya kula peke yako, na mimi siwezi kula vizuri huku nikijua dada yangu anajiua kwa kuku.

Nimepewa wiki tatu. Nafika Jumamosi saa tatu asubuhi.

Usipike.

Abundio


Tlacolula, 1 Desemba 1996

Mdogo wangu Abundio,

Marahaba ya shikamoo utakayoniandikia. Huu ni mwandiko wangu mwenyewe, mkubwa kama wa mtoto wa darasa la kwanza, lakini wangu. Asubuhi ya leo mia na arobaini na nane. Yadira anasema tusishangilie bado, ila alishangilia yeye.

Tangu uondoke jikoni kumepungua kelele. Watu sokoni bado wanacheka jinsi ulivyofunga aproni yangu ya maua na kuwauliza wateja, "Mboga kwanza au maswali kwanza?" Zoila anasema maharage yako yalikuwa na maji mengi. Alikula bakuli tatu. Mimi sikukwambia ulipokuwepo, lakini siku ile ya kwanza uliponikalisha kwenye kiti na kuniwekea sahani mbele, nilihesabu: tangu niolewe hakuna mtu aliyewahi kunipakulia. Ndiyo maana nilichelewa kushika tortilla. Hukuwa umekosea chochote.

Natembea nusu saa mpaka kwenye kisima na kurudi. Wanawake wengine wamenifuata, sasa tuko saba, tunasengenya njia nzima na sukari inashuka.

Kuna jambo nataka ulijue. Alhamisi Yadira aliniomba nije zahanati nionyeshe akina mama namna ya kupika mpungate usitoe ute. Walikuja kumi na wawili. Nilipomaliza, mmoja akabaki nyuma, kijana, hajafika miaka thelathini, macho mekundu ya kutolala. Anamuuguza mama yake. Sukari, figo, hatoki tena kitandani. Akaninong'oneza kama anaungama.

"Mama yangu anaomba mole. Kila siku anaomba. Nimemkatalia. Nifanyeje?"

Nilishika meza. Yadira alikuwa mbali anafunga madirisha, na ni vizuri, kwa sababu hili siyo la wataalamu.

"Binti wa lishe atakupa kipimo, mwulize kabla hujatoka hapa," nikamwambia. "Kisha mpelekee kwenye sahani nzuri. Ukae naye. Usisimame mlangoni."

"Na akimaliza akaomba tena?"

"Akiomba tena, mshukuru Mungu kwamba bado anaomba."

Alinishika mikono yote miwili. Halafu akaenda kumtafuta Yadira, nami nikarudi nyumbani kwa miguu, njia yote, bila kusimama.

Dada yako,
Hermelinda